Uelewa wa biashara kwa anayetaka kuwa wakili wa kampuni: mwanafunzi wa Arusha aanzie wapi?

mtarajiwa_AR

Habari zenu wakuu. Nasoma sheria mwaka wa tatu hapa Arusha na lengo langu ni kufanya kazi za kampuni: mikataba, mikopo ya mabenki, ununuzi wa kampuni. Kila nafasi ya fildi inayotangazwa na ofisi kubwa za mawakili inataka mtu "mwenye uelewa wa biashara", na kwenye usaili wanauliza ni jambo gani la kibiashara unalolifuatilia na linawagusaje wateja wao.

Nasoma habari za uchumi kwenye simu kila siku lakini wiki ikiisha sina cha kueleza. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: nisome nini, kwa utaratibu gani, na je, lazima nijue uhasibu? Sina hela ya kulipia magazeti ya nje.

Mikataba_Moshi

Karibu mdogo wangu. Punguza kwanza wingi wa habari. Chagua biashara moja na ufuate pesa yake kuanzia kwa mnunuzi wa mwisho hadi kwa mtu wa kwanza kabisa kwenye mnyororo. Kila pesa inapobadilisha mikono kuna mkataba, na kila inapoweza kukwama kuna swali ambalo mteja atamletea wakili. Ukiijua biashara moja hivyo, nyingine utazielewa haraka kwa sababu maswali yanafanana.

Kwa mtu wa huku kaskazini mimi ningeanza na kahawa, maana sehemu kubwa ya mnyororo iko karibu nawe. Bodi ya Kahawa iko Moshi, mnada uko Moshi, kinu cha kukoboa kiko Moshi, na vyama vya ushirika vya msingi viko kwenye kata nyingi zinazolima.

Bei ya arabika duniani inaongozwa na soko la New York, na inatajwa kwa senti za dola kwa paundi moja ya uzito. Mnada wetu unataja dola kwa kilo 50. Jifunze kubadilisha bila kutafuta msaada. Kilo moja ni paundi 2.2046. Bei ikiwa senti 300, hiyo ni dola 3 kwa paundi, sawa na dola 6.61 kwa kilo, sawa na takribani dola 331 kwa kilo 50. Kontena la futi 20 lenye magunia 320 ya kilo 60 lina kilo 19,200, kwa hiyo thamani yake ni kama dola 127,000. Sasa bei ikishuka senti 10 tu, kontena hilo limepoteza takribani dola 4,230. Februari 2025 bei ilipita senti 400. Piga hesabu mwenyewe uone mfanyabiashara aliyeahidi kuuza kwa bei ya zamani, halafu akalazimika kununua kwa bei mpya, alikuwa kwenye hali gani.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Mikataba mingi ya kuuza kahawa nje haitaji bei kamili. Inataja bei ya New York pamoja na nyongeza au punguzo, kisha mmoja wa wahusika anapewa haki ya kuchagua siku ya kufunga bei. Jiulize: ni nani mwenye haki hiyo, muuzaji au mnunuzi? Mwisho wake ni lini? Asipofunga ndani ya muda, nini kinatokea? Aliyekopa benki ili anunue mzigo, je, benki inajua kwamba bei bado iko wazi? Ukiuliza maswali hayo manne kwenye usaili, anayekuuliza atajua kwamba umefika kwenye biashara yenyewe.

Geukia upande wa mkulima. Chama cha msingi kinakusanya kahawa ya maganda, kinaipeleka kukobolewa, inapangwa madaraja (AA, A, B, PB na kuendelea), inauzwa, kisha makato yanatolewa na mkulima analipwa kilichobaki. Mara nyingi chama kinakopa benki ili kitoe malipo ya awali. Benki inataka dhamana, na dhamana yenyewe ni kahawa iliyo ghalani. Je, kahawa hiyo ni mali ya chama au bado ni ya mkulima? Stakabadhi ya ghala, yaani hati inayoonyesha mzigo uliowekwa ghalani, iko kwa nani? Daraja likitoka chini ya lilivyotarajiwa na mauzo yasitoshe kulipa mkopo, nani anabeba pengo? Maswali haya ni ya sheria za ushirika, stakabadhi ghalani, dhamana na ufilisi kwa pamoja, na ndivyo kazi inavyokuja ofisini. Haiji ikiwa imepangwa kwa somo kama chuoni.

Kisha ongeza sheria za nje zinazogusa mlolongo huo. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayozuia kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wengi wamekuwa wakijiandaa. Inadai eneo la kila shamba lijulikane kwa majira ya nukta (latitudo na longitudo). Shamba linalozidi hekta 4 linahitaji mipaka yake yote. Mashamba ya Kilimanjaro mengi ni vihamba vidogo. Basi nani atalipia upimaji wa maelfu ya vihamba, na taarifa hizo zitakuwa mali ya nani, chama au mnunuzi? Chama kikikubali mnunuzi azimiliki, msimu ujao kitashindwa kumuuzia mwingine. Kifungu kimoja kidogo cha mkataba, lakini kinaamua nguvu ya kujadiliana bei.

hesabu_kwanza

Nijibu la uhasibu. Huhitaji CPA, yaani cheti cha mhasibu. Unahitaji kusoma taarifa ya fedha bila woga na kujua mahali wakili anapotazama, ambapo si lazima pawe pale anapotazama mwekezaji.

Ingia tovuti ya Soko la Hisa la Dar es Salaam au tovuti za kampuni zenyewe. Kampuni zilizoorodheshwa zinatoa ripoti za mwaka bure. Anza na kampuni inayouza bidhaa, kwa mfano TBL ambayo ina kiwanda cha bia hapo Arusha, au moja ya kampuni za saruji. Mabenki yaache kwanza. Hesabu za benki zimekaa kinyume: amana za wateja ni deni, mikopo waliyotoa ni mali, na anayeanza huchanganyikiwa.

Usianze na barua ya mwenyekiti. Anza na maoni ya mkaguzi: je, ni safi, au kuna angalizo kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara? Kisha nenda kwenye mtiririko wa fedha, ukilinganisha fedha taslimu iliyotokana na shughuli za biashara na faida iliyotangazwa. Faida ikipanda miaka miwili mfululizo huku fedha taslimu ikishuka, mara nyingi kuna wateja wasiolipa au bidhaa zinazolala ghalani. Baada ya hapo soma maelezo ya nyuma, hasa mikopo na dhamana zake, madeni yanayoweza kujitokeza (kesi na mabishano ya kodi hukaa hapa), miamala na wahusika wenye uhusiano, na matukio yaliyotokea baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Kurasa hizo ndizo wakili anazipigia mstari kabla mteja hajanunua kampuni.

Hesabu tatu zinatosha kwa sasa.

Ya kwanza ni siku za kudai: wadaiwa gawa kwa mauzo ya mwaka, zidisha kwa 365. Kampuni yenye mauzo ya bilioni 1.46 na wadaiwa wa milioni 360 inalipwa kwa wastani wa siku 90. Ankara ikisema siku 30, maana yake mikataba yake haina meno: ama hakuna riba ya kuchelewa, ama hakuna haki ya kusimamisha huduma, ama haki ipo na uongozi unaogopa kuitumia kwa mteja mkubwa.

Ya pili ni deni ukilinganisha na faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Mabenki huweka kikomo cha uwiano huu kwenye mkataba wa mkopo, na kampuni ikikivuka inakuwa imevunja mkataba hata kama inalipa marejesho kila mwezi bila kukosa. Wanafunzi wengi hawalijui hili. Wanadhani mkopaji anakosea pale tu asipolipa.

Ya tatu ni athari ya riba. Mkopo wa bilioni 2 wenye riba inayoelea (inayopanda na kushuka kufuata soko), asilimia moja ikiongezeka, ni milioni 20 zaidi kwa mwaka. Benki Kuu ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili 2024, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Ukisoma habari ya aina hiyo, tafuta ni mkopaji gani ana riba inayoelea na ni nani amefungiwa riba moja. Bila hilo namba haikuambii kitu. Mapitio ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu yapo bure kwenye tovuti yao. Soma kurasa za riba, shilingi na bei za mazao, uache nyingine.

NjiroBlokuC

Naunga mkono, ila kwa Arusha huwezi kuacha utalii. Nichukue mkataba mmoja tu nionyeshe maana ya kusoma kibiashara.

Kampuni ya safari iko katikati. Upande mmoja kuna wakala wa Ulaya au Marekani anayeleta wageni, upande wa pili kuna hoteli na kambi za porini. Tuseme mkataba na wakala unamruhusu kuahirisha siku 30 kabla ya safari na kurudishiwa pesa yote. Mkataba na kambi unasema ukiahirisha chini ya siku 45 unalipa asilimia 100. Kati ya siku ya 45 na ya 30 hasara yote ni ya kampuni ya safari, na haijakosea kitu. Kila mkataba ukiusoma peke yake uko sawa kisheria. Tatizo linaonekana pale tu unapoiweka miwili pamoja. Wakati wa Uviko wa 2020 mapengo ya namna hii yalionekana wazi duniani kote, na kifungu cha nguvu kuu iliyo nje ya uwezo wa wahusika, ambacho watu walikuwa wanakinakili tu bila kukisoma, kikawa ndicho cha kwanza kufunguliwa.

Ya pili ni sarafu. Kampuni inalipwa dola, inalipa mishahara, mafuta na vipuri kwa shilingi. Chukulia mapato ya dola milioni 1. Dola ikiwa shilingi 2,700, hiyo ni bilioni 2.7. Ikiwa 2,400, ni bilioni 2.4. Milioni 300 zimepotea bila mgeni hata mmoja kupungua. Kwa mwagizaji wa vipuri mabadiliko hayohayo ni neema. Kwa hiyo mtu akisema "shilingi imeimarika, ni habari njema", muulize njema kwa nani.

Hapo ongeza Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za Machi 2025, zinazokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Zina misamaha, na mikataba iliyokuwapo ilipewa kipindi cha mpito, hivyo soma tangazo lenyewe kwenye Gazeti la Serikali. Muhtasari wa mitandaoni mara nyingi unaacha misamaha. Mwanafunzi wa kawaida anaishia kusema "dola imekatazwa". Wewe nenda mbali zaidi. Mwenye jengo aliyekuwa akipangisha kwa dola alikuwa anajikinga na kushuka kwa shilingi. Sasa kinga hiyo atailetaje kwenye mkataba wa shilingi? Anaweza kuweka ongezeko la asilimia maalumu kila mwaka, au kufupisha muda wa upangaji, au kukutana na mpangaji kila baada ya miezi 12 kujadili upya. Kila njia ina gharama yake kwa mpangaji. Na hoteli yenye mkopo wa dola benki, huku sehemu ya mapato yake imehamia kwenye shilingi, hatari yake imeongezeka. Mkataba wa mkopo unasemaje?

Fanya vivyo hivyo na Amri ya Julai 2025 iliyozuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, ikiwemo kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Swali la kuwaletea wenye usaili: mteja mwenye wanahisa wa kigeni anayefanya shughuli tano, moja ikiwa imezuiwa, afanye nini na hiyo moja, wafanyakazi wake na mikataba iliyokwishasainiwa?

Kibo_na_Mawenzi

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo na Mikataba_Moshi. Sekta ni pana, na mwanafunzi anaweza kuzama humo miezi sita bila kuona wakili anafanya nini hasa. Nashauri uchukue muamala mmoja uliokwisha na uufuate mwanzo hadi mwisho.

Chukua Tanga Cement. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani, ingenunua asilimia 68.33 ya hisa kutoka AfriSam. Kikwazo ni kwamba Heidelberg ilikuwa tayari ndiyo mmiliki mkubwa wa Twiga Cement. Tume ya Ushindani ikaruhusu Aprili 2022, Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya Tume, likatengua Septemba 2022, maombi yakaletwa upya na kuruhusiwa 2023, na 2024 sehemu kubwa ya hisa ikaishia kwa Amsons, kundi la makampuni la hapa Tanzania. Mwishoni mwa mwaka huohuo Amsons ikaichukua pia Bamburi Cement ya Kenya kutoka Holcim.

Sasa keti na karatasi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inazuia muungano unaojenga au kuimarisha nguvu kubwa ya soko, na wakati maombi hayo yalipoamuliwa mara ya kwanza, 2022, moja ya vigezo vya nguvu hiyo kilikuwa kuzidi asilimia 35 ya soko. Asilimia 35 ya soko lipi: saruji yote Tanzania au saruji ya ukanda mmoja? Saruji ni nzito na bei yake ni ndogo kwa kilo, kwa hiyo usafiri wa lori unaamua kiwanda gani kinashindana na kipi. Mipaka ya soko ni swali la kibiashara kabla ya kuwa la kisheria. Halafu muuzaji: alikuwa anasubiri fedha zake mwaka hadi mwaka. Je, mkataba ulikuwa na tarehe ya mwisho ya kusubiri vibali? Kampuni inayouzwa inaendeshwaje wakati huo wote, wakati kila mfanyakazi na msambazaji anajua kwamba mwenye mali anaondoka? Na wenye hisa wadogo pale Soko la Hisa (DSE) wanalindwaje?

Kumbuka pia kwamba muungano hauhitaji kuwa wa makampuni makubwa ili ufike Tume. Kizingiti kilichowekwa 2017 ni shilingi bilioni 3.5 za mauzo au mali za wahusika kwa pamoja. Hoteli mbili za Arusha zinaweza kufika hapo. Watu wanauziana hisa kwa mkataba wa kurasa nne, wanabadilisha wakurugenzi kwa msajili wa makampuni (BRELA), ndipo wanagundua walipaswa kuomba kibali kabla. Na umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, Sheria ya Kodi ya Mapato inaihesabu kampuni yenyewe kama imeuza mali zake. Mnunuzi asiyejua anarithi bili ya kodi.

mtarajiwa_AR

Asanteni sana, nimenakili yote. Maswali mawili. Je, nikiwa hapahapa Arusha kuna vitu naweza kuona kwa macho badala ya kusoma tu? Na kwenye usaili, jibu lenyewe liwe refu kiasi gani? Naogopa kumwaga namba nyingi nikaonekana nimekariri.

Mikataba_Moshi

Vipo vingi. Mahakama ya Afrika Mashariki iko kwenye jengo la makao makuu ya Jumuiya, mashauri yake ni ya wazi, na mengine yanahusu kodi, ushuru na vikwazo vya biashara kati ya nchi wanachama. Angalia orodha ya mashauri kwenye tovuti yao kwanza, maana vikao vinakwenda kwa misimu. Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu nacho kina masjala Arusha. Hukumu nyingi za mahakama zetu unazipata bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Tafuta zile za mikopo ya benki, na kabla ya kufika uamuzi andika mwenyewe ni kifungu gani kingezuia ugomvi usitokee.

Kwa BRELA, jifunze kufanya upekuzi wa kampuni mtandaoni. Unalipa ada, unapata wanahisa, wakurugenzi na dhamana zilizosajiliwa. Dhamana juu ya mali za kampuni inatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 42. Ikipita bila kusajiliwa, mfilisi na wadai wengine hawafungwi nayo, na benki iliyodhani ina ulinzi inapanga foleni na wauza maji na umeme. Ndiyo maana wakili mdogo wa benki hupewa kazi hiyo kwanza, na ndiyo maana akiichelewesha hakuna anayecheka.

NjiroBlokuC

Kuhusu usaili: dakika mbili, tatu kwa wingi. Taja jambo kwa sentensi moja. Taja mteja wa aina gani anaguswa na kwa njia gani pesa yake inaongezeka au kupungua. Taja namba moja tu, ambayo unaweza kuitetea ukiulizwa ilikotoka. Malizia na mkataba au kibali kinachohitaji kutazamwa upya, kisha nyamaza uulizwe.

Yanayoharibu ni haya. Kuzungumzia muamala wa London kwa ofisi ambayo wateja wake ni mabenki ya hapa na wawekezaji wa mashamba. Kueleza sheria mpya bila kusema nani analipia utekelezaji wake. Kuchukua upande kwa ushabiki, kwa mfano kulaani wanunuzi wa kahawa au kulaani vyama vya ushirika, wakati ofisi hiyo huenda inawatetea wote wawili kwa nyakati tofauti. Na kusema "hii itaathiri uchumi". Uchumi hauna wakili, mteja anaye.

hesabu_kwanza

Niongeze ratiba maana aliuliza utaratibu. Saa tano kwa wiki zinatosha ukiwa chuoni. Saa mbili Jumamosi kwa ripoti moja ya kampuni, mwezi mzima ripoti hiyohiyo. Dakika ishirini kwa siku kwa habari, ukiandika mistari mitatu kwenye daftari: nini kimetokea, pesa ya nani imesogea, mkataba gani unaguswa. Habari isiyojaza mstari wa pili iache. Muda unaobaki ni wa muamala mmoja, kama alivyosema Kibo_na_Mawenzi.

Katikati ya Juni badilisha ratiba yote. Bajeti inasomwa Dodoma, Muswada wa Sheria ya Fedha unatoka, na sehemu kubwa ya mabadiliko huanza 1 Julai. Usisome hotuba peke yake. Fungua muswada, kwa sababu hotuba inataja kiwango na muswada ndio unaotaja nani ameingia na nani ametoka. Mfano wa 2023: kiwango cha lazima cha kujisajili VAT kilipanda kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Mwenye karakana yenye mauzo ya milioni 150 alishangilia. Lakini mteja wake mkubwa aliyesajiliwa VAT anataka risiti itakayomrudishia kodi, hivyo karakana ikijiondoa inaweza kumpoteza mteja huyo. Chukua mabadiliko mawili tu ya bajeti ijayo, uyapitishe kwenye biashara uliyochagua, na uyaandike kwa ukurasa mmoja kama barua kwa mteja: nini kimebadilika, kuanzia lini, afanye nini kabla ya 1 Julai. Ukurasa huo upeleke na maombi yako ya fildi.